Vyaelea, Vimeundwa: Kuchagua Vipuri vya Kompyuta ya Kwanza ya Gemu kwa Fedha Kidogo

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi katika kituo cha kidijitali cha wadi. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mada ya leo huenda ikawashangaza wazee. Mikutano ya umma imezoea kuzungumzia maji, barabara, basari na mbolea. Leo mazungumzo ni ya kompyuta ya kuchezea gemu. Sababu ni kwamba fedha za nyumba nyingi zinaingia huko, na nyingine zinapotea kwa kukosa maelezo tu.

Mfano wake ni nyumba ambayo wengi wataitambua. Kijana amemaliza kidato cha nne. Kwa zaidi ya mwaka ameosha magari, amebeba mizigo sokoni siku za soko, na amejinyima ili aweke akiba. Mama yake amepokea zamu yake ya chama na ameahidi kumwongezea. Jumla ni shilingi 80,000. Kijana anataka kompyuta ya gemu. Mama anataka mashine itakayotumika pia kwa masomo ya chuo na kwa kazi ya kuhariri video ambayo kijana anasema itamlipa. Wote wawili wanataka jambo la haki, na kompyuta moja iliyochaguliwa vizuri inaweza kuwatosheleza wote. Ikichaguliwa vibaya, gemu haitachezeka, video haitaharirika, na chama hakirudii kutoa zamu kwa sababu mtu alinunua vibaya.

Jambo la kushika ni hili: kompyuta haiendi kwa kasi ya kipuri chake bora, huenda kwa kasi ya kipuri chake dhaifu. Mwenye fedha kidogo hapaswi kutafuta kipuri kimoja chenye jina kubwa. Anapaswa kutafuta vipuri vinavyolingana.

Kuanza na gemu, si na duka

Vijana wengi huanza kwa kuingia madukani, Luthuli Avenue au Moi Avenue kule Nairobi, au kwa muuzaji wa mtaani, na kuuliza, "Kompyuta ya gemu ni pesa ngapi?" Swali hilo humpa muuzaji nafasi ya kuuza kile kilichokaa sana kwenye rafu.

Mnunuzi mwerevu huanza nyumbani, kwa karatasi na kalamu. Kwanza anaandika gemu tatu au nne anazotaka kucheza kwa kweli. Gemu hazilingani kwa uzito. Valorant, kwa mfano, iliundwa makusudi ili ikimbie hata kwenye kompyuta dhaifu. Cyberpunk 2077 ni mzigo wa aina nyingine: kiwango chake cha chini kilichotangazwa na watengenezaji ni RAM ya GB 12, kadi ya GTX 1060 yenye GB 6, na nafasi ya GB 70 kwenye diski ya SSD. Kijana anayecheza ya kwanza tu hana haja ya kulipia nguvu za ya pili.

Pili, anaandika aina ya skrini atakayotumia. Skrini ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080 na huonyesha picha 60 kwa sekunde. Kompyuta inayotoa picha 140 kwa sekunde kwenye skrini ya picha 60 ni kama basi la abiria 60 linalobeba watu 20. Mwenye bajeti ndogo alenge pikseli 1920 kwa 1080, acheze vizuri hapo, na asidanganywe na matangazo ya skrini kubwa zaidi.

Tatu, anaandika kazi nyingine za mashine hiyo: masomo, hesabu za biashara ya mama, kuhariri video. Kazi hizo ndizo zitakazomsaidia mzazi kukubali, na ndizo zitakazorudisha fedha.

Vipuri na mgao wake

Ndani ya kompyuta ya gemu mna vipuri saba vikuu. Prosesa ndiyo ubongo unaofanya hesabu. Kadi ya grafiki huchora picha zinazoonekana kwenye skrini. RAM ni meza ya kazi, mahali ambapo vitu vinavyotumika sasa hivi huwekwa. Diski ya SSD ni ghala. Ubao mama huunganisha vyote. Pawasaplai hupokea umeme wa ukutani na kuugawa. Kasha ndilo nyumba ya vyote.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo shilingi 80,000 za kijana zinagawanywa kwenye karatasi kabla hata moja haijatoka mfukoni. Huu ni mgao wa kupangia tu, kwani bei hubadilika kila wiki na hutofautiana kati ya kipuri kipya na cha mtumba:

Kadi ya grafiki: 26,000
Prosesa: 15,000
Ubao mama: 10,000
RAM: 7,000
Pawasaplai: 7,000
Skrini ya mtumba, kibodi na kipanya: 6,000
Diski ya SSD: 5,000
Kasha: 4,000

Kadi ya grafiki imechukua karibu theluthi moja ya fedha zote, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu katika gemu nyingi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa zaidi. Bei ya kipuri kimoja ikipanda, kijana apunguze kwenye kadi au kwenye urembo wa kasha. Asiguse fungu la pawasaplai. Sababu itaelezwa mbele.

Skrini, kibodi na kipanya vimo ndani ya mgao. Wengi huvisahau, na siku kompyuta inapokamilika hukuta hawana pa kuitazamia. Runinga ya nyumbani yenye tundu la HDMI inaweza kutumika kwa muda, lakini ikifika saa ya taarifa ya habari kijana atajua runinga ni ya nani. Skrini ya mtumba iliyotoka ofisini ni suluhisho la amani.

Kadi ya grafiki: namba kubwa si nguvu kubwa

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia. Mtego wa kwanza ni kuhesabu GB za kadi peke yake. Kadi ya GT 730 yenye GB 4 na kadi ya GTX 1650 yenye GB 4 zinaonekana sawa kwenye tangazo. Si sawa hata kidogo. Ya kwanza ni ya mwaka 2014 na ilitengenezwa kwa kazi nyepesi. Ya pili ni ya mwaka 2019 na inaizidi mara kadhaa. GB za kadi ni ukubwa wa ndoo tu; hazisemi lolote kuhusu kasi ya bomba.

Kwa pikseli 1920 kwa 1080, kadi zinazofaa kuulizwa na mwenye bajeti ndogo ni kama hizi. GTX 1650 hutumia takriban wati 75, na matoleo yake mengi hayahitaji waya wa ziada kutoka kwenye pawasaplai. RX 580 ya GB 8, ya mwaka 2017, ina nguvu zaidi, lakini hula wati 185 na imekwisha kuzeeka. RX 6600 ya GB 8, ya mwaka 2021, inaizidi RX 580 kwa mbali na hutumia wati 132 tu. Ikipatikana ya mtumba katika hali njema, ni chaguo zuri kwa kijana wa mfano wetu.

Mtego wa pili ni jina linalokaribiana. Ipo kadi iitwayo RX 580 2048SP. Kwa nguvu iko karibu na RX 570, ingawa imeandikwa 580. Mnunuzi asome jina lote hadi herufi ya mwisho.

Mtego wa tatu ni kadi bandia. Wako watu wanaochukua kadi kuukuu, wakabadilisha programu iliyo ndani yake, na kuifanya ijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Kompyuta inaamini, mnunuzi anaamini, na gemu inagoma. Ipo programu ya bure iitwayo GPU-Z ambayo huisoma kadi yenyewe na kutoa onyo kadi hiyo ikiwa bandia. Kuiwasha mbele ya muuzaji ni kazi ya dakika mbili.

Kuhusu kadi zilizotumika kuchimba sarafu za kidijitali, ukweli ni wa kati. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutumia kadi za grafiki, na kadi nyingi zikamwagwa katika soko la mtumba. Kadi kama hiyo si lazima iwe mbovu. Lakini feni zake zimezunguka usiku na mchana kwa miezi mingi, kwa hiyo ijaribiwe kwa gemu nzito kwa nusu saa, feni zisikilizwe, na joto lake litazamwe. Muuzaji akikataa kadi kujaribiwa, mnunuzi amekwisha kupata jibu.

Prosesa na ubao mama: wawili waliofunga ndoa

Kosa la kwanza kwenye prosesa ni kuabudu jina la i7. Kompyuta ya Core i7-2600 ni ya mwaka 2011. Core i3-12100F ni ya mwaka 2022. Zote zina viini vinne, lakini i3 hiyo inaiacha i7 hiyo mbali sana. Namba inayofuata kistari ndiyo inayoeleza kizazi, na kizazi ndicho cha kuuliza kwanza.

Kwa fedha za kijana huyu, chaguo mbili zinazoeleweka ni Core i3-12100F ya Intel na Ryzen 5 5600 ya AMD. Hiyo ya Ryzen ina viini sita, jambo linalosaidia sana katika kuhariri video. Lakini zote mbili zina sharti moja: hazina grafiki ndani yake. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi. Kwenye prosesa za Intel, herufi F mwishoni ndiyo alama ya jambo hilo.

Prosesa na ubao mama ni lazima zikubaliane kwa soketi. Ryzen 5 5600 hukaa kwenye soketi ya AM4, na Core i3-12100F hukaa kwenye LGA1700. Moja haiwezi kulazimishwa kuingia kwa mwenzake, na anayejaribu huvunja pini na kupoteza vyote viwili. Mwenye Ryzen anaweza kutafuta ubao wa A520, B450 au B550. Ule wa B450 ulitoka kabla ya prosesa hiyo, kwa hiyo mnunuzi aulize kama programu yake ya ndani, BIOS, imesasishwa ili itambue Ryzen za mfululizo wa 5000. Swali hilo moja humwokoa mtu na safari ya pili ya mjini.

Ubao wenye nafasi nne za RAM na tundu la M.2 la diski ni bora kidogo kuliko wenye nafasi mbili, kwa sababu unaacha mlango wa kuongeza baadaye.

RAM na diski

RAM ya GB 16 ndiyo kiasi cha kulenga. GB 8 inaanza kubana mara kivinjari na gemu vinapofunguliwa pamoja. Vipande viwili vya GB 8 ni bora kuliko kipande kimoja cha GB 16, kwani prosesa husoma kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Kwenye ubao wa nafasi nne, vipande hivyo kwa kawaida huingia nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu kidogo cha ubao huonyesha hivyo kwa mchoro. Mnunuzi ahakikishe pia aina ya RAM: ubao wa DDR4 haupokei DDR5, wala ubao wa DDR5 haupokei DDR4.

Diski iwe SSD. Diski ya kizamani inayozunguka inafaa kuhifadhi picha za harusi na nakala za kazi, si kuendesha gemu za leo. GB 500 ni mwanzo wa kuridhisha, ingawa itajaa upesi: Counter-Strike 2 peke yake inaomba GB 85. Hapo ndipo gharama nyingine inapojificha, nayo ni bando. Kupakua GB 85 kwa bando la simu kunaweza kummaliza mtu. Steam huruhusu gemu kunakiliwa kama nakala ya akiba na kuhamishwa kwa diski ya nje, kwa hiyo kijana mwenye rafiki aliyeunganishwa na faiba anaweza kupunguza gharama hiyo sana.

Pawasaplai: kipuri kisichosifiwa

Hakuna kijana anayejisifu kwa marafiki kuhusu pawasaplai yake. Ndiyo sababu ndicho kipuri kinachonunuliwa kwa chenji iliyobaki, na ndicho kinachoweza kuua vingine vyote.

Hesabu yake ni rahisi. Prosesa ya Ryzen 5 5600 imepimwa wati 65, kadi ya RX 6600 wati 132, na vipuri vingine vyote huongeza kama wati 50. Jumla haifiki 300. AMD hupendekeza pawasaplai ya wati 450 kwa kadi hiyo, na ya wati 500 au 550 inatosha na kubakiza nafasi. Hakuna haja ya wati 1,000.

Lakini wati zilizoandikwa kwenye karatasi si wati zinazotoka. Pawasaplai za bei ya kutupa huandikwa 500 na hushindwa kabla ya kufika hapo. Mnunuzi atafute ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus, na atazame ubavuni palipochapishwa kiasi cha umeme kwa kila laini. Laini ya volti 12 ndiyo inayolisha kadi na prosesa, kwa hiyo ndiyo inayopaswa kubeba sehemu kubwa ya wati zote. Pawasaplai iliyoandikwa 500 lakini yenye wati 250 tu kwenye laini hiyo ni ya kuachwa dukani.

Liko jambo jingine ambalo kila nyumba inapaswa kulijua. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye 115 na 230. Umeme wa Kenya ni volti 240. Swichi hiyo ikiwa kwenye 115 na kompyuta ikachomekwa, kinachofuata ni mlio na moshi. Itazamwe kwanza kabla ya kuchomeka, na irekebishwe waya ukiwa umechomolewa.

Kompyuta za mtumba zilizotoka ofisini

Wengi wataambiwa, "Usijisumbue kuunda. Nunua kompyuta ya ofisini iliyotoka Ulaya, tia kadi, maliza." Ushauri huo una ukweli ndani yake. Mashine za Dell OptiPlex na HP EliteDesk ni imara na bei yake ni nafuu. Kwa bajeti ndogo kuliko ya kijana huyu, huenda zikawa njia pekee. Lakini kuna mambo matatu ya kukagua kabla ya kulipa.

Kwanza ni umbo. Zile nyembamba zinazolala mezani hupokea kadi fupi za kimo cha chini tu. Kadi ya kawaida haiingii, na kifuniko hakifungi. Mnunuzi achague umbo la mnara.

Pili ni pawasaplai yake. Nyingi zina wati chache, na mara nyingi hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Tena plagi za ndani za kampuni hizo mara nyingi si za kawaida, kwa hiyo pawasaplai ya dukani haiwezi kuchomekwa humo bila adapta. Ndiyo maana kadi ya wati 75 isiyohitaji waya, kama matoleo mengi ya GTX 1650, ndiyo rafiki wa mashine hizi.

Tatu ni umri. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi huhitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, karibu prosesa zote zinazokubaliwa ni za kizazi cha nane na kuendelea. Mashine za kizazi cha nne au cha sita bado zimejaa sokoni, na bei yake inavutia kwa sababu hiyo. Tena Valorant ikiwa kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0. Mama anayenunua mashine ya kumfikisha mwanawe mwisho wa chuo aulize swali moja: "Hii ni kizazi cha ngapi?"

Fedha zisipotosha

Zipo nyumba ambazo 80,000 ni ndoto. Kwa hizo, kuunda kwa awamu ni heshima, si aibu. Prosesa ya Ryzen 5 5600G ina grafiki ndani yake. Kijana anaweza kuanza nayo, pamoja na ubao mzuri, vipande viwili vya RAM, SSD na pawasaplai ya wati 550, bila kununua kadi. Gemu nyepesi zitachezeka kwa mipangilio ya chini, masomo yatasomwa, na video fupi zitahaririwa. Miezi sita au mwaka ukipita, fedha za kazi hizo ndizo zitakazonunua kadi, na hakuna kipuri kitakachotupwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Haki za mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na bidhaa yenye kasoro. Ipo pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini haki bila ushahidi ni ngumu kuidai.

Kwa hiyo risiti iandikwe jina kamili la kipuri na namba yake ya mfululizo iliyobandikwa ubavuni. "Kadi ya gemu, 26,000" si maelezo. Muda wa waranti uandikwe, hata kama ni siku saba. Malipo ya M-Pesa yaende kwa namba ya duka, na ujumbe uhifadhiwe. Anayenunua kwa mtu aliyempata mtandaoni akutane naye mahali pa watu wengi, mchana, penye umeme wa kujaribia, na asitume fedha za kushikilia bidhaa ambayo hajaiona. Bei iliyo nusu ya bei ya kila mtu mara nyingi ni chambo.

Umeme, joto na vumbi

Mzazi atauliza kuhusu tokeni, naye ana haki. Kompyuta ya aina hii pamoja na skrini ikitumia kama wati 250 wakati wa gemu, saa tatu kwa siku ni uniti 0.75. Kwa siku 30 ni uniti 22 na nusu. Kila nyumba inaweza kuzidisha kwa bei ya uniti iliyomo kwenye ujumbe wa tokeni wa mwisho. Ikiwa ni masomo tu, matumizi hushuka sana, kwa sababu kadi inakuwa imepumzika. Hesabu hiyo ifanywe mezani kabla ya ununuzi, na ikubaliwe nani atalipa. Ugomvi mwingi wa nyumbani unaanzia hapo.

Mahali ambapo umeme hupotea na kurudi kwa nguvu, kifaa cha kulinda dhidi ya umeme uliozidi kinatosha kuanzia, na UPS ndogo ni bora zaidi. Penye joto na vumbi, kasha liwe na matundu mbele na angalau feni mbili, moja ya kuingiza hewa na moja ya kutoa. Lisiwekwe sakafuni. Kila baada ya miezi miwili au mitatu lipulizwe vumbi, mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Siku ya kuunda

Kuunda kwenyewe si kazi ya kuogopwa. Kunahitaji bisibisi ya nyota, meza safi, mwanga na subira. Mwundaji agusishe mkono kwenye chuma cha kasha kabla ya kushika kipuri, ili umeme tuli utoke mwilini. Prosesa huingia bila kusukumwa. Ikikataa, imegeuzwa. Pawasaplai haifunguliwi kamwe, hata ikiwa imechomolewa, kwa kuwa ndani yake hubaki umeme unaoweza kudhuru. Mwishoni, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi ya grafiki, si kwenye ubao mama. Wengi wamerudisha kadi nzima dukani wakidhani ni mbovu, kumbe waya ulikuwa tundu lisilo lake.

Kijana wa mfano huu hana haja ya kujua kila kitu kabla ya kuanza. Ana haja ya karatasi moja yenye gemu zake, mgao wake, soketi, kizazi, wati na namba ya kila kipuri. Karatasi hiyo aisome pamoja na mama yake, kisha amwonyeshe fundi mmoja asiyemuuzia chochote. Baada ya hapo ndipo aende dukani. Akifanya hivyo, siku feni zitakapozunguka na skrini itakapowaka, mama ataona mahali ambapo zamu yake ya chama ilikwenda, na kijana atakuwa na chombo cha kuchezea, cha kusomea na cha kumpa kazi.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vinavyoelea muda mrefu ni vile vilivyopimwa kabla ya kukatwa.